Bolti ya Sampu na Washa Yake: Wakati wa Kubadilisha, na Namna ya Kufanya Kazi Hiyo

Tone la oili likionekana chini ya injini, wengi hukimbilia spana waikaze bolti ya kumwagia oili, iliyo chini ya sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Inama, kaza, ondoka. Tone hukoma wiki moja au mbili, kisha hurudi, na bolti hukazwa tena kwa nguvu zaidi. Mchezo huo ukirudiwa mara kadhaa, siku moja bolti huzunguka bila kushika. Kilichokuwa tatizo la washa, pete inayokaa kati ya kichwa cha bolti na sampu, kifaa kidogo kuliko karibu vyote utakavyonunua kwa ajili ya gari, sasa ni tatizo la sampu.

Bolti ya kumwagia oili ina kazi ya kushika tu. Kazi ya kuziba ni ya washa. Tena oili iliyotulia ndani ya sampu haisukumwi na presha ya pampu. Presha iko kwenye njia zinazotoka pampu kwenda kwenye filta na beringi. Pale chini kwenye bolti kuna uzito wa oili yenyewe, lita nne au tano kwa gari nyingi ndogo, basi. Bolti iliyokazwa kwa kipimo chake ikivuja, maana yake nyuso mbili hazikukutana sawasawa: washa imeisha, kuna punje ya mchanga katikati, au uso wa sampu umekwaruzika. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloponywa na nguvu za mkono.

## Washa: kila aina na umri wake

Washa bapa ya shaba au alumini ndiyo ya kawaida zaidi. Imetengenezwa laini kwa makusudi, iwe laini kuliko bolti na kuliko sampu, ili ikibanwa ibonyee kidogo na kujaza mikwaruzo midogo iliyo kwenye nyuso zote mbili. Itazame iliyotoka kwenye gari: utaona mfereji wa mviringo pale kichwa cha bolti kilipokaa. Mfereji huo ni ishara kwamba imeshafanya kazi yake. Ukiirudisha haitakaa palepale ilipokuwa, na kwa kuwa imekuwa ngumu, utalazimika kuikaza zaidi ili izibe. Hapo ndipo meno ya sampu yanapoanza kuumia. Ibadilishe kila unapomwaga oili.

Washa ya shaba inaweza kulainishwa upya kwa kuipasha moto hadi iwe nyekundu hafifu, kisha kuiacha ipoe na kusugua masizi. Njia hiyo ni ya kweli na mafundi wa zamani waliitumia sana. Mimi naiona ni ya siku ya dharura, mpya ikiwa haipatikani. Alumini usiijaribu hivyo, kwani huyeyuka karibu nyuzi joto 660 za Selsiasi bila kukuonya kwa wekundu.

Kuna washa za bati lililokunjwa, zenye uwazi ndani. Hizo hupondeka mara moja tu, na ukiikaza mpya utasikia spana ikizama kidogo kabla ya kugumu. Washa iliyokwisha pondeka haina tena cha kupondeka. Za fiberi, au za chuma kilichopakwa utando, hubadilishwa vilevile kila mara, kwa sababu utando hubanduka vipande na kubaki umeng'ang'ania sampu.

Za chuma zenye mdomo wa mpira upande wa ndani huvumilia zaidi. Unaweza kuzirudia mradi mpira bado ni laini, haujapasuka wala kujikunja. Bonyeza kwa ukucha: ukiacha alama inayopotea, mpira uko hai, ukihisi kama plastiki ngumu, tupa.

Aina mbili za mwisho huwachanganya watu. Kwenye baadhi ya magari, ya Volkswagen yakiwemo, washa imefungwa kwenye shingo ya bolti na haitoki. Mtengenezaji amekusudia bolti nzima ibadilishwe kila oili inapomwagwa. Na kwenye sampu za plastiki, zinazozidi kuonekana kwenye magari mapya, kifuniko nacho ni cha plastiki chenye pete ya mpira, na baadhi hufunguka kwa kuzungusha kidogo tu. Navyo kwa kawaida ni vya kutumika mara moja. Usivifunge kwa mazoea ya bolti ya chuma.

## Bolti yenyewe hubadilishwa lini?

Bolti ya chuma haina kilomita zake maalumu. Inaweza kudumu umri wote wa gari kama imefunguliwa na kufungwa na watu wenye subira. Kwa hiyo unaipima kwa macho na vidole kila inapotoka.

Anza na kichwa. Pembe sita zinapaswa kuwa na ncha. Zikianza kuviringika na spana kuwa na mchezo, badilisha sasa hivi, kwa sababu safari ijayo huenda isifunguke kabisa na utaishia kuibana kwa koleo au kuichomelea nati juu yake. Kisha meno. Yasugue kwa brashi na kuyapitia kwa ukucha kutoka ncha hadi shingoni. Meno mazima yana ncha na nafasi zinazolingana. Yakiwa yamelala, yana pengo, au yamejaa unga au utepe wa rangi ya fedha, tambua kwamba utepe ule ni meno ya sampu yaliyonyofoka. Bolti ya namna hiyo huondoka, na tundu la sampu nalo likaguliwe kwa tochi.

Tazama pia shingo, pale meno yanapokutana na kichwa. Bolti iliyokazwa kupita kiasi huvutika, na sehemu hiyo huwa nyembamba kuliko meno yanayofuata. Mwisho, uso wa chini wa kichwa, unaokalia washa: mkwaruzo unaokatiza kutoka ndani kwenda nje ni njia ya oili. Mikwaruzo ya mviringo haina neno sana.

Kama bolti yako ina sumaku kwenye ncha, usiifute kabla ya kuisoma. Ute wa kijivu kama grisi ni kawaida, ni unga wa chuma unaotokana na kusuguana kwa kila siku. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, au vyembe kama vya sindano, ni habari nyingine, na bolti mpya haitaitatua. Kumbuka sumaku hukamata chuma tu. Beringi na pistoni zenye alumini zinaweza kuwa zinalika na sumaku ikabaki safi.

Ukinunua nyingine, kipenyo peke yake hakitoshi. Toyota nyingi hutumia bolti ya milimita 12 yenye hatua ya meno (umbali kutoka jino hadi jino) ya milimita 1.25, na kichwa cha spana 14. Honda nyingi ni milimita 14 kwa hatua ya 1.5, kichwa cha 17. Sasa kuna bolti za milimita 12 zenye hatua ya 1.5 vilevile, na kwa macho hazitofautiani na zile za 1.25. Ukiipachika isiyo yake itaingia mizunguko miwili kisha itakaza, na mtu asiyejua atadhani ni uchafu na kuongeza nguvu. Zilaze bolti mbili, ya zamani na mpya, meno kwa meno, na uzitazame dhidi ya mwanga. Zikilingana hutaona mwanga katikati. Linganisha na urefu pia. Fupi mno hushika meno machache, ndefu mno inaweza kugota ndani kabla kichwa hakijakalia washa.

## Kwanza hakikisha ni yenyewe inayovuja

Bolti iko sehemu ya chini kabisa ya injini, kwa hiyo kila kinachovuja juu hutelemka na kuja kudondokea hapo. Kifuniko cha valvu, filta, gasketi ya sampu, sili ya nyuma ya kranki, vyote huishia kuisingizia bolti. Upepo wa mwendo nao husukuma oili kuelekea nyuma ya gari.

Safisha eneo lote la chini kwa dawa ya kuondoa grisi na tambara, hadi chuma kionekane kikavu. Ukiwa na poda ya kawaida, nyunyiza kidogo kuzunguka bolti na kando ya sampu. Endesha kilomita kumi na tano au ishirini, zima, kisha ingia chini na tochi. Njia ya oili itajichora yenyewe kwenye poda. Kama mstari unaanzia juu ya bolti, acha bolti na fuata mstari. Kama unyevu umezunguka kichwa cha bolti huku juu yake pakavu, umempata mkosaji.

## Kazi yenyewe

Kwa kuwa oili lazima itoke, panga kazi hii siku ya kubadilisha oili. Unahitaji soketi au spana ya pete inayokaa barabara, beseni lenye ujazo unaozidi oili yote, glavu, matambara, washa mpya, na bolti mpya karibu yako hata kama huna uhakika utaitumia. Soketi iwe ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili hushika kona tu za kichwa na ndiyo huziviringisha. Kama unayo spana ya kupimia mkazo, hii ndiyo siku yake.

Pasha injini dakika chache, iwe vuguvugu. Oili ya vuguvugu hushuka vizuri na kubeba uchafu, ya moto hasa hukuunguza. Egesha mahali tambarare na pagumu, vuta handibreki, zuia magurudumu kwa kabari. Ukiinua gari kwa jeki, weka stendi chini ya sehemu imara na ulishushe juu ya stendi. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuchungulia. Jeki ikivuja sili, gari hushuka bila kupiga hodi.

Tafuta bolti, na hapa tulia. Kwenye magari mengi sampu ya injini na ya giaboksi zimekaribiana, zote zina bolti chini, na kichwa kinaweza kufanana. Wanaomwaga oili ya giaboksi kwa kudhani ni ya injini ni wengi kuliko wanaokiri, kisha hujaza lita nne juu ya oili ya injini iliyokuwa bado imo. Kikitoka kitu chekundu au cha kijani, simama papo hapo, umefungua kwingine, na usiwashe gari hadi oili ya giaboksi irudishwe kwa kipimo. Fuata filta ya oili, kwani ndiyo iliyoshikana na injini, na hakikisha sampu unayoigusa iko chini ya injini hiyohiyo.

Fungua kifuniko cha kujazia oili juu ili hewa iingie. Futa kichwa cha bolti na eneo linalokizunguka kabla ya kulegeza, mchanga usije ukaingia ndani. Ukitazama kichwa uso kwa uso, geuza kinyume cha mwendo wa saa. Watu hukosea hapa kwa kuwa wamelala chini na kila kitu kimepinduka. Kabla ya kutia nguvu, jiulize mara ya pili unageuza wapi. Vuta kwa mkupuo mmoja mfupi badala ya kuning'inia.

Ikishalegea, weka spana pembeni, endelea kwa vidole. Ukiwa unazungusha, sukuma bolti kuelekea ndani, ili jino la mwisho likiachia ulihisi kabla oili haijatoka. Hapo ichomoe kwa haraka kuelekea pembeni, mkono usipite chini ya mkondo. Mkondo wa kwanza hurukia mbali, beseni liwe limeshasogezwa upande huo, na baadaye, ukipungua nguvu, lirudishe chini ya tundu.

Acha oili idondoke hadi matone yawe ya kuhesabika. Muda huo utumie kutafuta washa ya zamani. Kama haiko kwenye bolti, haijapotea: imegandia sampu. Mara nyingi imebanwa hadi imekuwa kama sehemu ya chuma na kwa macho huioni. Pitisha ukucha kuzunguka tundu, ukigonga ukingo wa pete, ichokonoe kwa kitu cha plastiki au ubao, kamwe si ncha ya bisibisi. Ukiweka mpya juu ya ya zamani, zitakuwa mbili, na mbili huvuja.

Futa uso wa sampu kwa tambara lisilo na nyuzi zinazochomoka. Futa bolti, vika washa mpya. Usipake silikoni, usizungushe utepe wa mabomba kwenye meno. Silikoni hukatika vipande ambavyo huishia kwenye chujio la pampu, na utepe hubadilisha msuguano wa meno kiasi kwamba kipimo cha mkazo hakina maana tena. Bolti yenye washa nzuri haihitaji chochote kati ya hivyo.

Sasa hatua inayookoa sampu nyingi kuliko zote. Weka bolti kwenye tundu, na badala ya kuiingiza, izungushe kwanza kinyume, taratibu, kwa vidole. Utahisi inashuka ghafla kidogo, mara nyingine kwa mlio mdogo wa tik. Hapo mwanzo wa meno ya bolti umekutana na mwanzo wa meno ya sampu. Kuanzia hapo geuza kwa mwendo wa saa. Inatakiwa iende kwa vidole viwili hadi washa iguse sampu. Ikigoma mzunguko wa kwanza au wa pili, imeingia upande, yaani mshazari: itoe, anza upya. Usimalizie kwa spana kitu ambacho vidole vimekikataa, na mashine ya upepo ya kukazia nati isisogee hapa kabisa.

## Kukaza, na kuachia

Kila gari lina kipimo chake kwenye kitabu, kwa Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Gari nyingi ndogo ziko kati ya 25 na 45, Honda nyingi zikiwa karibu na 39 na Toyota nyingi kati ya 30 na 40. Sampu za alumini na za plastiki hazivumilii kubahatisha kama za bati nene.

Huna spana ya kipimo? Pata hisia ya namba. Nm 40 kwenye mpini wa sentimita 25 ni kama uzito wa kilo 16 ukivuta mwisho wa mpini. Huo ni mkono wa kawaida, kiwiko kikiwa kimetulia, si mwili mzima. Shika mpini karibu na kichwa badala ya mwisho wake, washa ibanike, kisha ongeza robo mzunguko au pungufu, hadi ugumu uongezeke ghafla. Acha hapo. Ukijiona unatafuta bomba la kurefushia mpini, umeshapita.

Jaza oili kwa kiasi cha kitabu, funga kifuniko, washa injini iungurume dakika moja au mbili huku ukichungulia bolti na filta. Zima, subiri dakika tano, pima kwa dipstiki. Futa tena bolti iwe kavu kabisa, na baada ya siku mbili tatu za kuendesha, iguse kwa karatasi nyeupe. Karatasi ikitoka safi, kazi imekwisha. Ikitoka na oili, usikaze. Mwaga tena kwenye chombo safi, oili ni mpya na inarudi, na utafute: washa ya pili, punje, mkwaruzo, au saizi isiyo yake.

Oili chafu irudishwe kwenye madebe yenye kifuniko na ipelekwe panapopokelewa oili chakavu. Isiende mtaroni wala ardhini. Mikono iliyoguswa na oili chafu ioshwe kwa sabuni, kwani oili iliyotumika imebeba vitu vinavyodhuru ngozi ikizoeleka.

## Meno ya sampu yakiwa yameshakwisha

Bolti inazunguka, haikazi, au inakaza kidogo kisha inaachia. Kuna njia nne na hazina hadhi sawa.

Kizibo cha mpira kinachotanuka ni cha kukufikisha gereji, si cha kusafiria. Bolti nene kidogo inayojikatia meno yake huuzwa sana na huweza kushika miaka, lakini kila ikifunguliwa inakata tena, na ikiingia upande mara moja basi sampu imekufa. Nisingeichagua kwa sampu ya alumini.

Ukarabati wa kweli ni kupachika meno mapya: tundu hutobolewa liwe kubwa, hukatwa meno, kisha hutiwa koili au kikombe cha chuma chenye meno ya ndani ya saizi ileile ya mwanzo. Ukifanywa vizuri, unakuwa imara kuliko alumini ya mwanzo, na unabaki na bolti ya kawaida. Ya nne ni sampu mpya, na kwa injini ambazo sampu hutoka kwa bolti chache bila kushusha kitu kingine, mara nyingi ndiyo njia ya haraka zaidi.

Kazi ya kutoboa ikifanyika sampu ikiwa bado garini, biti ya kutobolea na kikatio cha meno vijazwe grisi ili chembe za chuma zinase humo, vitolewe na kufutwa kila baada ya mizunguko michache. Baadaye mimina nusu lita ya oili ya bei nafuu kutoka juu, tundu likiwa wazi, iteremke na kusukuma kilichobaki. Rudia hadi inayotoka iwe haina kinachong'aa, kisha ndipo ufunge washa mpya na bolti mpya.